Umeunda programu? Sasa weka daftari la kasoro zake

Hebu nikuulize, wewe kijana unayeunda programu ukiwa Kibera au Kawangware. Mteja akikupigia leo akwambie programu yako imekosea hesabu, utaliandika wapi lalamishi lake? Kama jibu ni "kwenye grupu ya WhatsApp", basi tuko na shida.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mimi na marafiki wawili tuliundia chama kimoja cha akina mama Kawangware programu ya kurekodi michango na mikopo. Siku moja mweka hazina alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu yetu: mwanachama akilipa mkopo mara mbili kwa siku moja, malipo ya pili hayaonekani. Mmoja wetu akamjibu, "Sawa mama, tutaangalia." Kila mtu akadhani mwenzake anaangalia. Ujumbe ukazikwa chini ya vichekesho na ubishi wa Gor na Ingwe.

Mwezi ulipoisha, mama mmoja aliambiwa mbele ya wenzake kwamba ana deni. Alilazimika kutoa simu na kusoma jumbe za M-Pesa moja baada ya nyingine ili aaminike. Chama kikarudi kwenye kitabu cha kuandika kwa kalamu, nasi tukapoteza kazi. Kurekebisha kasoro yenyewe kulituchukua dakika 20.

Kwa hivyo usiniambie tuliangushwa na uhaba wa ujuzi. Tuliangushwa na kukosa mahali ambapo lalamishi huandikwa, likapewa nambari na mtu wa kulishughulikia, na lisifungwe mpaka likaguliwe. Vijana wengi mtaani wanafunzwa kuunda programu. Wachache sana wanafunzwa kuzitunza, na mteja hulipia utunzaji huo zaidi ya kitu kingine.

Programu za kuweka daftari kama hilo zipo, na ni za bure. Bugzilla ilitolewa na Netscape mwaka wa 1998. Kuna Redmine, na kuna MantisBT. Kwa anayeanza, napendekeza MantisBT, maana inatumia PHP na hifadhidata ya MySQL au MariaDB, vitu ambavyo wengi wenu mmeshavigusa mkijifunza kuunda tovuti.

Najua utasema huna seva. Kipakatalishi kikuukuu kinatosha. Kiwekee Linux, Apache, PHP na MariaDB, nacho kitahudumia timu ya watu watano kupitia waifai ya chumbani, hata siku ambayo hakuna bando. Kama betri bado ni nzima, stima ikipotea kazi inaendelea. Mkitaka kuifikia mkiwa nje, changeni pesa mkodi seva ndogo mtandaoni.

Kuisakinisha si kazi ya kutisha. Unaunda hifadhidata na mtumiaji wake maalumu, unaweka faili kwenye seva, unafungua ukurasa wa usakinishaji na kujaza nafasi zilizoachwa. Ikikubali, wengi hupiga picha ya skrini, wakaiposti na kwenda kulala. Hapo ndipo noma huanzia.

MantisBT huja na akaunti ya msimamizi inayoitwa administrator, na neno lake la siri ni root. Mimi nalijua, wewe sasa unalijua, na kila mwizi wa mtandaoni analijua. Libadilishe kabla hujafanya lolote lingine. Kisha futa folda ya admin, kwa sababu kazi yake imeisha. Kama seva iko mtandaoni, weka HTTPS. Let's Encrypt hutoa cheti bila malipo. Unganisha baruapepe ili kasoro ikiandikwa, mhusika apate taarifa. Mwisho, panga cron itoe nakala ya hifadhidata kila usiku na kuipeleka kwenye mashine nyingine. Kipakatalishi huibwa, na unajua tunakoishi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Usibandike kwenye daftari picha zenye nambari za vitambulisho au simu za wateja, na mradi wa mteja mmoja usionekane na mwingine. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na haimsamehi mtu kwa sababu kampuni yake iko kwenye chumba cha mabati.

Na usidhani mambo haya ni mageni kwetu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa 2007, Wakenya waliunda Ushahidi mwanzoni mwa 2008 ili wananchi waripoti walichokiona, kwa ujumbe mfupi au mtandaoni, nazo ripoti zionekane kwenye ramani. Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, na Voice of Kibera ikatumia programu hiyo hiyo ya Ushahidi kukusanya habari za mtaa. Kila ripoti ilikuwa na mahali pake na wakati wake, na ungeweza kuona kama imethibitishwa au bado. Daftari la kasoro halina tofauti kubwa na hilo. Kama mtaa ulijifunza kuandika kinachoharibika vichochoroni, kwa nini sisi tushindwe kuandika kinachoharibika kwenye kazi zetu wenyewe?

Wapo watakaosema mteja wao ni mama mboga, hawezi kujaza fomu ya Kiingereza kwenye tovuti. Ni kweli, na usimlazimishe. Mwache apige simu au atume sauti kama kawaida. Kuandika ni kazi yako. Weka sheria moja tu: simu haikatwi kabla mteja hajapewa nambari. "Mama, lalamishi lako ni nambari 14. Mimi ndiye ninalishughulikia, na nitakupigia Ijumaa." Halafu Ijumaa umpigie, hata kama hujamaliza.

Tena, kusakinisha peke yake hakutoshi. Nimeona timu zilizo na daftari safi lenye kasoro 60, na hakuna aliyelifungua tangu lianzishwe. Tengeni saa moja kila wiki, mkae pamoja, mlipitie kutoka juu hadi chini. Kama hamna saa hiyo, hamjawa tayari kushika hesabu za pesa za watu.

Sisi tulianza upya, wale wale watatu. Kasoro nambari 1 kwenye daftari letu ni ile ya malipo mawili ya siku moja. Tuliiandika ingawa tulikuwa tumeshairekebisha, ili yeyote atakayejiunga nasi aisome kwanza. Wewe wikendi hii utaandika ipi?