Diploma ya Serikali iko mkononi, hisabati iko wapi?

LUBUMBASHI – Matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, unga mweupe unamwagwa vichwani mwa waliofaulu, kutoka Katuba hadi Ruashi. Miezi michache baadaye, wazazi walewale wanapanga mstari mbele ya ofisi za vyuo vikuu, franga mkononi. Swali moja tu haliulizwi: mtoto huyu, hisabati anajua?

Diploma haijibu swali hilo. Asilimia 50 inayofungua mlango ni jumla ya masomo mengi. Mwenye nguvu katika Kifaransa anaweza kufunika udhaifu wake wa hisabati na akapita. Tena, aliyemaliza pedagojia hakupata saa za hisabati sawa na aliyemaliza sayansi. Lakini wote wawili wanaketi pamoja katika mwaka wa kwanza wa uchumi, na mwalimu anaanza na fonksio, derive na matrisi, kama vile kila mmoja amezizoea.

Mwisho wa mwaka, lawama inamwangukia mtoto: mvivu, kichwa kigumu. Hapana! Wa kwanza kuulizwa ni yule aliyepokea franga bila kupima. Mama aliyeuza shamba ili mtoto asome harudishiwi hata kidogo.

Wapo wanaosema kwamba kupima kabla ya kuandikisha kutawafungia mlango watoto wa maskini na wa vijijini. Mlango huo umekwisha kufungwa. Unafungwa ndani, baada ya malipo, na mwaka mzima umepotea. Nani anaumia zaidi kwa kupoteza mwaka kama si maskini?

Kupima si kufukuza. Katika masomo ya uhandisi, mwaka wa matayarisho, ule unaoitwa «prépoly», si neno geni katika inchi hii. Basi vyuo vitoe jaribio fupi la hisabati, bure, mbele ya malipo. Anayeshindwa apewe miezi mitatu ya kujitayarisha kwa bei ndogo, na aeleweshwe hata kwa Kiswahili, kisha ajaribu tena.

Jimbo hili linaishi kwa shaba na kobalti. Mhandisi asiyepatikana hapa ataitwa kutoka ngambo. Wazazi, kabla ya kutoa franga, ulizeni ofisini: nani atampima mtoto wetu, na akionekana dhaifu, nani atamsaidia? Mkikosa jibu, msilipe haraka.