Amplifaya ya Japani na transfoma ya volti 110
Amplifaya ya mtumba kutoka Japani ni rahisi mpaka uhesabu transfoma, na hapo wengi hujipunja kwa kununua ya volti 110 ilhali Japani hutumia 100. Watasema asilimia kumi si kitu. Labda, kama umeme wetu ungetulia kwenye 230. Ukipanda hadi 250, transfoma hiyo hutoa karibu 120, na kapasita zilizokwisha kuzeeka ndizo huumia. Nunua ya volti 100, yenye wati za ziada, au uache kabisa. Gramafoni ina balaa jingine: transfoma haibadilishi hezi, kwa hiyo yenye mota iliyopangiwa hezi 60 za Osaka huku huzunguka polepole, na mwimbaji akasikika mzito. Ya Tokyo, penye hezi 50 kama zetu, husalimika.