Kazi za Mikono: Ushanga wa kioo, tuujue kabla ya kuununua

Mwezi huu tunazungumza juu ya ushanga wa kioo. Kazi hii wengi wetu tuliikuta kwa mama zetu na bibi zetu, na hapa kambini imesaidia nyumba nyingi kupata sabuni, madaftari ya watoto na mboga ya kubadilisha maharage. Lakini tunawaona pia wamama wanaotoa pesa yao ya mwisho kununua pakiti ya shanga, wanakaa siku nzima wakitunga, halafu baada ya wiki mbili bangili inarudishwa. Rangi imetoka, au uzi umekatika na shanga zimemwagika njiani. Mteja wa namna hiyo harudi tena, na wenzake anawaambia. Kwa hiyo leo hatufundishi mtindo mpya. Tunafundisha kuchagua, maana hasara nyingi huanza siku ya kununua, si siku ya kutunga.

Kwanza, nani atavaa?

Kabla ya kupenda rangi, jiulize nani atainunua. Jambo hili ni la zamani sana katika nchi hizi. Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, shanga zilimsumbua kichwa. Wakati ule shanga zilikuwa pesa ya safari: ndizo zilizonunua chakula cha wapagazi. Aliambiwa kwamba Unyamwezi wanataka nyekundu, zilizoitwa samisami. Nyeusi zinapokelewa Ugogo lakini kwingine zinakataliwa. Zile kubwa zilizoitwa sungomaji zina thamani Ujiji na Uguha, yaani hapa Kigoma na ng'ambo ya ziwa upande wa Kalemie ya leo, lakini kwingine hakuna anayezitaka. Msafiri aliyebeba rangi isiyopendwa angeweza kulala njaa akiwa na mizigo ya shanga mabegani mwa watu wake.

Basi na sisi ni vile vile. Rangi inayokupendeza wewe siyo lazima impendeze anayenunua. Ukiwauzia majirani, angalia wanavaa nini siku ya ibada na siku ya arusi. Ukiwauzia wageni na wafanyakazi wa mashirika, mara nyingi wanapenda rangi mbili au tatu zinazopatana kuliko rangi saba pamoja. Tengeneza mbili za mfano, zionyeshe, sikiliza watu wanasema nini, ndipo ununue pakiti kubwa.

Namba kubwa, ushanga mdogo

Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba: 6/0, 8/0, 11/0, 15/0. Hapa wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu namba ikipanda, ushanga unakuwa mdogo. Namba 6 ina upana wa milimita 4 hivi, namba 8 ni kama milimita 3, namba 11 ni kama milimita 2, na namba 15 ni milimita moja na nusu. Anayeanza, au mwenye macho yaliyochoka, aanze na namba 8. Namba 11 ndiyo inayotumika zaidi kwa bangili na mikufu yenye maua. Namba 15 iachieni mikono iliyozoea na mchana wenye mwanga mzuri.

Shanga za Jamhuri ya Cheki, hasa za mji wa Jablonec, zina sifa tangu zamani, na ndizo Wamasai wengi wamezitumia miaka mingi. Za Japani zinalingana kuliko zote, lakini bei yake ni kubwa. Za China na India ni rahisi, na ndani yake zipo nzuri na zipo mbaya. Usinunue kwa jina la nchi peke yake. Muuzaji anaweza kusema lolote, lakini ushanga wenyewe hausemi uongo ukiupima.

Vipimo vitano vya kufanya mwenyewe

Omba au nunua kidogo kwanza, kiasi cha kifuniko kimoja cha soda, kisha fanya hivi:

1. Je, ni kioo kweli? Ushanga wa kioo ni mzito kidogo na ni baridi ukiugusisha shavuni. Wa plastiki ni mwepesi na hauna ubaridi ule. Ukibaki na shaka, pasha ncha ya sindano motoni, uishike kwa koleo au kitambaa, kisha uguse ushanga mmoja. Plastiki itayeyuka, kioo hakitayeyuka. Tusiuze plastiki kwa jina la kioo, jamani. Hiyo inaua soko la wote.

2. Je, rangi itabaki? Kuna kioo chenye rangi yake tangu kilipoyeyushwa, na kuna kilichopakwa rangi juu. Loweka shanga chache katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni usiku kucha, asubuhi uzisugue kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka, ziache. Kisha weka nyingine juani wiki mbili, na kiasi kingine ukifiche ndani ya boksi, halafu ulinganishe. Waridi na zambarau ndizo zinazodanganya mara nyingi. Zile zinazong'aa kwa sababu zimepakwa fedha ndani ya tundu ni nzuri machoni, ila jasho huzifanya ziwe nyeusi. Zinafaa zaidi kwa hereni kuliko bangili.

3. Je, tundu likoje? Pitisha sindano yenye uzi mara mbili. Kazi nyingi za kufuma zinahitaji uzi upite mara mbili au tatu katika ushanga mmoja. Likikataa hapo, litakukwamisha katikati ya kazi. Gusa pia kingo za tundu: zikiwa kali zitakata uzi kidogo kidogo. Zile shanga ndefu kama vijiti ndizo kali kuliko zote. Weka ushanga mmoja wa mviringo kila upande wa kijiti, uzi utapona.

4. Je, zinalingana? Tunga ishirini kwenye uzi uziangalie kwa ubavu. Nyingine zikiwa nene na nyingine nyembamba, mstari utapinda. Kwa mkufu wa uzi mmoja si neno, lakini kwa ua au jina la mtu, haitakaa sawa.

5. Je, zimevunjika ngapi? Zimwage kwenye sahani, utenge mbovu zote. Mbovu zikiwa nyingi, ile bei ndogo si ndogo tena.

Uzi ndio roho ya kazi

Mteja haoni uzi, lakini uzi ukikatika ndipo anapouona. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho. Nyuzi zinazofumuliwa kwenye magunia ya msaada zinaonekana imara, ila jua huzifanya zikatike kama majani makavu. Mshipi wa kuvulia samaki unafaa kwa shanga kubwa, lakini ukikaa juani muda mrefu unakakamaa. Kwa shanga ndogo tumieni uzi wa nailoni uliosokotwa, mwembamba, na muupake nta ya nyuki kabla ya kutunga. Nta inazuia uzi usijifunge ovyo na inaupunguzia msuguano. Huku Kigoma nyuki wapo, kipande kidogo cha nta kinatosha miezi mingi.

Ukimaliza, usikate uzi kwenye fundo. Urudishe ndani ya shanga saba au nane, funga fundo jingine dogo katikati, ndipo ukate. Halafu vuta bangili kwa nguvu mwenyewe. Heri ikatikie mkononi mwako kuliko mkononi mwa mteja.

Hesabu kabla ya kutaja bei

Hapa ndipo jasho letu linapopotea. Tuchukue mfano wa bangili yenye mistari 5, kila mmoja sentimita 18, kwa shanga namba 11. Katika sentimita moja zinakaa kama shanga 7. Basi mstari mmoja ni shanga 126, na mistari mitano ni 630. Gramu moja ina kama shanga 110, kwa hiyo unahitaji karibu gramu 6. Ongeza za kuvunjika na kupotea, iwe gramu 7. Pakiti ya gramu 100 itatoa bangili 14.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, pakiti hiyo umeinunua shilingi 4,200. Kila bangili imekula shanga za shilingi 300. Uzi na nta 100, kifungo 200. Jumla 600. Ukiiuza 1,000, umebaki na 400. Lakini umekaa saa ngapi? Kama ni saa 3, umelipwa shilingi 400 kwa saa 3 za macho na mgongo. Kumbe unawafanyia watu kazi ya bure! Ukiiuza 2,500 unabaki na 1,900, na hapo unaweza kununua pakiti nyingine bila kukopa. Weka bei zako mahali pa hizi zetu, uandike kwenye daftari. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule, naye atapata somo la hesabu.

Mkifanya kazi kwa kikundi, kubalianeni bei ya chini kabisa. Mnunuzi akijua kwamba mama wa nyumba ya pili atashusha, atawapitia mmoja mmoja mpaka wote mwangukie hasara.

Zile chembe zisizo na tundu

Vijana wetu wanaojifunza ufundi wametuuliza juu ya shanga nyingine, zile za kioo kama unga wa chumvi, zinazouzwa kwa gunia. Hizo hazina tundu, na hazitungwi. Asikuuzie mtu eti ni shanga ndogo sana. Kazi yake ni mbili kubwa. Ya kwanza ni barabarani: hunyunyiziwa kwenye rangi ya mistari ikiwa mbichi, na ndiyo maana mistari inang'aa usiku taa ya gari ikiipiga. Ya pili ni karakana: hurushwa kwa upepo wa kompresa kusafisha chuma, kutoa rangi ya zamani na kukipa sura laini. Kutu nene hazitoi vizuri, na presha ikizidi zinavunjika na kuwa vumbi tu. Zikibaki nzima huchekechwa na kutumika tena mara nyingi.

Kwa nini zisitumike mchanga wa mtoni, ambao ni bure? Sikilizeni vizuri hapa, vijana. Mchanga ukirushwa kwa nguvu hupasuka na kutoa vumbi la silika, ambalo likiingia kwenye mapafu linayatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Chembe za kioo hazina silika ya aina ile, kwa hiyo hatari yake ni ndogo zaidi. Lakini vumbi la kutu na la rangi ya zamani, ambayo inaweza kuwa na risasi, bado ni sumu. Kazi hiyo ifanyike ndani ya kabati lililofungwa, kwa glavu, miwani ya kazi na barakoa ya kuzuia vumbi. Kitambaa puani hakitoshi. Mwajiri akikuambia ufanye bila vifaa, afya yako ni ghali kuliko ujira wake. Na yeyote asiponde chupa nyumbani kwa kazi hii. Vipande vyake ni vikali, na vumbi lake linawafikia hata watoto waliolala.

Watoto na shanga

Ushanga unapita kooni kwa urahisi, tena unaingia puani na masikioni. Watoto wenye umri wa chini ya miaka 3 wasikae karibu na kazi hii kabisa, na bangili za shanga wasivalishwe wakaachwa peke yao. Mtoto akiingiza ushanga puani au sikioni, usiuchokonoe kwa kijiti wala sindano, maana utausukuma ndani zaidi. Mpeleke zahanati. Akikabwa na kupumua kwa shida, ni dharura: msaidie hapo hapo na kimbieni kwa mganga.

Sisi wakubwa nasi tuache tabia ya kushika shanga kwa midomo, kwa sababu rangi nyingine zina risasi. Tunge mchana mlangoni, si usiku kwa mwanga wa simu. Kila nusu saa inua macho, uangalie mbali. Ukimaliza, tandua kitambaa chako kwa uangalifu, zihesabu sindano, kisha unawe mikono kabla ya kushika chakula.

Wapendwa, hatukusema mnunue za ghali. Tumesema mnunue zile mlizozipima, mtumie uzi utakaodumu, na msitaje bei kabla ya kuandika hesabu. Kifuniko kimoja cha soda cha kujaribia ni pesa kidogo, na kinaweza kuiokoa pakiti nzima. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaonyesha namna ya kufuma kifungo cha bangili kwa shanga zenyewe, bila kununua cha dukani. Wenye ujuzi huo tunawaomba mje mtufundishe kwanza sisi.