Daftari Likae Mkononi mwa Mfanyakazi



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi ni nguvu zetu na ujuzi wetu. Mara nyingi huja watu wenye karatasi na kalamu, wakatuuliza twala nini, twalipa kodi ya nyumba kiasi gani, watoto wamefika darasa la ngapi. Twajibu, nao huenda zao, na majibu hatuyaoni tena. Leo twapenda kuwaelezeni mambo ya wenzetu wa Indonesia, nchi ya visiwa vingi kule Asia. Huko maisha ya mfanyakazi yamechunguzwa na kuhesabiwa sana, na kila mara jambo kubwa limekuwa ni hili: nani ameshika daftari?

Tuanze na shule. Mwaka 1973 fedha za mafuta zilianza kuingia kwa wingi, na serikali ya Rais Soeharto ikaamua kujenga shule za msingi. Kufikia mwaka 1979 zilikuwa zimejengwa zaidi ya shule 61,000. Wilaya zenye watoto wengi wasiosoma ndizo zilizopewa shule nyingi zaidi. Mwaka 1973 katika kila watoto 100 wa miaka 7 mpaka 12, watoto 69 walikuwa shuleni. Mwaka 1978 walikuwa 83.

Mtaalamu mmoja wa uchumi, Bibi Esther Duflo, alichukua hesabu za watu za mwaka 1995, akawalinganisha wanaume waliokuwa watoto wadogo shule hizo zilipofunguliwa na wale ambao umri wa shule ulikuwa umekwisha kuwapita. Taarifa yake ya mwaka 2001 yasema kwamba kila shule moja iliyojengwa kwa watoto 1,000 iliongeza mishahara ya wale wadogo, walipokuwa watu wazima, kwa asilimia 1.5 mpaka 2.7. Basi asikudanganye mtu kwamba kumsomesha mtoto wa kibarua ni kazi bure.

Lakini mwaka 2004 Bibi huyo alitoa taarifa ya pili, na hii haisemwi sana. Katika wilaya zilizopata vijana wengi wenye elimu, mishahara ya wazee wao ilibaki nyuma. Sababu yake si ngumu. Wenye elimu waliongezeka upesi, lakini viwanda na mitambo havikuongezeka kwa mwendo huo. Watu wengi wakigombea kazi chache, tajiri hana haja ya kuongeza mshahara. Shule ni njema, lakini shule haiketi na tajiri kuzungumza mshahara. Kazi hiyo ni ya chama.

Na chama ndicho kitu ambacho serikali ile ilikibana. Ilijenga shule kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikafunga mlango. Tangu mwaka 1973 mpaka Soeharto alipoondoka mwezi wa Mei 1998, shirika moja tu la wafanyakazi ndilo lililokubaliwa, nalo lilikuwa chini ya macho ya wakubwa.

Mkumbukeni Marsinah. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saa huko Sidoarjo, Jawa Mashariki, mwenye umri wa miaka 24. Gavana alikuwa ametoa waraka wa kuwataka matajiri waongeze mshahara kwa asilimia 20. Wafanyakazi walijua waraka wasemaje, wakadai rupia 2,250 kwa siku badala ya 1,700. Waligoma mwanzoni mwa Mei 1993, na Marsinah alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Siku chache baadaye alikutwa ameuawa. Waliofungwa kwa kesi hiyo waliachiliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1995. Mwezi wa Novemba 2025 serikali ilimtangaza kuwa shujaa wa taifa, na siku hiyo hiyo ikamtangaza Soeharto pia. Wafanyakazi wenyewe na wapime.

Baada ya mwaka 1998 mlango ulifunguka. Mwaka huo huo Indonesia ilikubali mkataba wa dunia wa uhuru wa vyama, na sheria ya mwaka 2000 ikaruhusu wafanyakazi kumi tu kuunda chama. Hapo ndipo daftari lilipofika mkononi mwa wafanyakazi. Katika mabaraza ya mishahara, wajumbe wa vyama, wa matajiri na wa serikali walikwenda sokoni kuandika bei za mchele, nguo, nyumba na nauli. Orodha ya mwaka 2005 ilikuwa na vitu 46. Vyama vikalalamika kwamba mtu haishi kwa vitu hivyo tu, na mwaka 2012 vikawa 60. Hata hivyo ilikuwa orodha ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto! Lakini hesabu hiyo, pamoja na migomo ya mwaka 2012, ilileta matunda. Mjini Jakarta mshahara wa chini ulitoka rupia 1,529,150 kwa mwezi mwaka 2012 ukawa 2,200,000 mwaka 2013.

Matajiri walisema mambo haya yanawazuia kupanga kazi zao. Mwezi wa Oktoba 2015 serikali ikatoa amri kwamba mishahara ipandishwe kwa kanuni moja ya hesabu, ya kupanda kwa bei na kukua kwa uchumi, wala si kwa kwenda sokoni kila mwaka. Twakubali kwamba tajiri naye anahitaji kupanga. Lakini kanuni haijui kwamba kodi ya chumba imepanda mtaani kwako. Anayejua ni wewe unayeilipa.

Wenzetu hawakulala. Sheria kubwa ya kazi ya mwaka 2020 ilipobana zaidi, waliandamana, kisha wakaenda mahakamani na hesabu zao. Tarehe 31 Oktoba 2024 Mahakama ya Katiba iliwakubalia mengi. Ilisema mshahara utazame chakula, mavazi, nyumba, elimu, afya, mapumziko na uzee, ikayarudishia mabaraza ya mishahara nafasi yake, na ikaagiza sheria mpya ya kazi iandikwe katika muda wa miaka miwili.

Sisi nasi Kenya tunayo mabaraza ya mishahara katika sheria ya mwaka 2007. Lakini mjumbe wetu akienda huko mikono mitupu, atasema nini? Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kila tawi linunue daftari, na kila mwisho wa mwezi liandike bei ya unga, sukari, mafuta ya taa, nauli, kodi ya nyumba na karo. Kila mwanachama atunze karatasi zake za mshahara. Na akija mtu kutuuliza habari zetu, tumjibu kwa heshima, kisha tumwulize: majibu haya utatuletea lini tuyasome?

Ajuaye kuandika amsaidie asiyejua. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu, na yaweza kuanza mwisho wa mwezi huu.

Mhariri