Gari inafika Kiambi, barua inabaki Marekani

Lexus, Cadillac, jipe za watu wakubwa: wengi mu Kiambi watasema habari ya magari haya haiwaangalii. Sisi tunasema inawaangalia.

Mwezi wa 5 mwaka 2024, Toyota ilitangaza kule Marekani kwamba magari karibu 102,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, yako na hatari. Wakati wa kutengeneza moteri, vipande vidogo vya chuma vinaweza kuwa vilibaki ndani. Kipande kikishika kwenye kusineti, moteri inaanza kugonga, kisha inazimika, hata gari ikiwa mbio. Mutu anayeshinda na motopompe ndani ya shimo anaelewa bila kuelezwa: chembe ya muchanga inatosha. Lakini huu si muchanga wa Luvua. Ni uchafu wa kiwanda, ndani ya gari mupya, hata Lexus ya zaidi ya dola 80,000.

Wenye magari walikasirika, na walikuwa na haki. Kwanza waliambiwa hatari iko, dawa bado. Nyuma yake kampuni ikakubali kubadilisha moteri muzima bila kulipisha, na watu wakapanga mustari. Mwezi wa 11 mwaka 2025 ikaita tena magari karibu 127,000. General Motors nayo, mwezi wa 4 mwaka huo huo, iliita karibu 597,000 kule Marekani, yenye moteri V8 ya litri 6.2, kati yake Cadillac Escalade. Hapo hasira ilikuwa ya namna ingine: gari ikipimwa na kuonekana bado nzuri, mwenyewe hapewi moteri mupya, anatiliwa huile nzito zaidi na kurudishwa nyumbani. Huile nzito! Kila fundi wa kwetu anaijua dawa hiyo, anaitia mu moteri iliyochoka. Hatukufikiri mabwana wa Detroit watafika pale pale.

Hata hivyo, yule Mumarekani iko na kitu ambacho sisi hatuna. Sheria inalazimisha kampuni kumuandikia barua na kutengeneza ubaya huo bure. Barua inafuata jina na anwani iliyoandikishwa. Gari ikiuzwa, ikapakiwa mu meli, ikashuka Dar es Salaam, ikapitia Kasumbalesa ao ikavuka ziwa mupaka Kalemie, ubaya unasafiri nayo, barua inabaki kule. Mununuzi wa tatu, mu Manono ao mu Kiambi, anaambiwa tu: “Ni ya 2022, bado mupya.”

Njo pale serikali yetu inakosea kipimo. Inahesabu miaka: gari iliyozeeka sana imekatazwa kuingia. Ni vizuri. Lakini ubaya huu uko ndani ya gari changa, yenye karatasi safi na rangi ya kungaa, na hakuna miaka ya kuhesabu itakayoukamata. Hatusemi kila Lexus ni mbaya, wala kila Land Cruiser 300, hata kama moteri yake ni ya ukoo ule ule. Tunasema hakuna anayeangalia.

Na kwetu, moteri kuzimika si sawa na kule. Kule kuna lami, na gari ya kuvuta inaitwa kwa simu. Kwenye njia ya Manono, majira ya mvua, jipe inabeba mama wa kujifungua, inabeba mishahara, inabeba watoto wa shule juu ya mizigo. Ikizimika kwenye kupanda mulima, wanaoumia si wale walioandikiwa barua.

Tena kuna mambo ya pesa. Code minier ya 2018 inapatia muji, sekta ao chefferie yenye madini 15 kwa mia ya redevance. Pesa hiyo ikinunua jipe ya wakubwa badala ya pompe ya maji, tutakuwa na la kusema siku ingine. Lakini ikinunua jipe yenye moteri iliyokwisha kuhukumiwa, hiyo ni pesa ya udongo wetu inayotupwa mu porini.

Tunaomba OCC kitu kimoja: mbele ya kutoa cheti, nimero ya shasi iangaliwe mu orodha ya magari yaliyoitwa, na jibu liandikwe juu ya karatasi. Kwa gari iliyotoka Marekani kazi hiyo ni ya dakika chache, orodha iko wazi kwa kila mutu mu intaneti.

Na wewe unayetaka kununua, usingoje OCC. Nimero hiyo iko na herufi na tarakimu 17. Inaonekana chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Ipige picha, mupe kijana mwenye megabayti akutafutie, na dola zako zikae mu mufuko mupaka akuletee jibu.