Nyumba Pana Huanza na Watu, Si na Vyumba

Takriban kila mwalimu ninayekutana naye, awe anakaribia kustaafu au ameajiriwa juzi, ana azma moja kuu: kujenga. Azma hiyo ni njema. Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza, kabla ya kumwita fundi, nyumba pana wanayoiwazia ni ya nani hasa. Aghalabu mtu huanza kwa kuhesabu: vyumba vitano vya kulala, vyoo vinne, sebule ya kupokea watu thelathini, na banda la magari mawili. Hesabu hutimia karatasini, mkopo wa chama cha ushirika huchukuliwa, na jengo husimama. Kisha wenyewe huhamia humo na kugundua kwamba nyumba ni kubwa lakini haina nafasi.

Mimi ni mwanaisimu wala si msanifu wa majengo. Ninachokijua ni maneno, na maneno yana ushahidi wa kutoa katika jambo hili. Majina ambayo jamii imevipa vyumba vyake huonyesha jinsi jamii hiyo ilivyofikiri juu ya watu watakaokaa humo.

Tutazame Lamu, ambako mji wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Nyumba za mawe za huko, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, upana wa chumba haukuzidi mita 3 hivi. Licha ya ufinyu huo, nyumba hizo zilitosha jamaa nzima pamoja na wageni wao. Siri yake ni mpangilio. Mpita njia aliketi katika daka, yaani kibaraza cha mlangoni. Aliyekaribishwa aliingia tekani, kipito kilichopangwa ili macho ya watu wa njiani yasifike ndani. Mgeni wa kulala, kama vile mfanyabiashara, alikuwa na sabule yake karibu na mlango. Halafu palikuwa na kiwanda, uwanja usioezekwa ulioleta mwanga na hewa. Kutoka hapo uliingia msana wa tini, ukapanda kidato hadi msana wa yuu, ukafika chumba kilichoitwa ndani, chenye zidaka zilizonakshiwa ukutani. Nyuma kabisa palikuwa na nyumba ya kati, iliyotengewa uzazi na maandalizi ya mazishi.

Mwanafunzi wa leo akisikia neno kiwanda hufikiria mitambo, na akisikia sebule hufikiria makochi na televisheni. Maana zimehama, na hilo ni kawaida ya lugha. Lakini tuzingatie jambo moja: katika orodha hiyo ya Kiamu, jina la chumba halikutegemea samani zilizowekwa humo. Lilionyesha kiwango cha ukaribu baina ya mtu na wenye nyumba. Mgeni alijua uhusiano wake nao kwa kutazama alifikishwa wapi. Fauka ya hayo, nyumba ilikua pamoja na ukoo. Mzazi mwenye uwezo alimpa bintiye makao alipoolewa, na wikio, chumba kinachovuka kichochoro kwa juu, liliweza kuunganisha nyumba za ndugu.

Wala fikira hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Kwa Wakikuyu, nyũmba ilikuwa ya mke na watoto, na thingira ilikuwa ya mume na wageni wake. Kwa Waluo, simba ilikuwa ya kijana wa kiume, duol ilikuwa ya mzee mwenye boma, na katika siwindhe watoto walilala kwa bibi kizee aliyewafunza kwa hadithi na vitendawili. Kiswahili nacho kinatukumbusha kwamba mlango si ubao wenye bawaba tu. Mlango ni tawi la ukoo pia.

Sasa tulinganishe na tunayojenga leo. Mwaka uliopita rafiki yangu alinionyesha ramani ya nyumba aliyokusudia kuijenga. Ilikuwa ya ghorofa moja, na vyumba vyote vya kulala vilikuwa juu. Nikamwuliza mamake, ajuza wa miaka 80 anayeishi naye, atalala wapi. Akaitazama karatasi kwa muda mrefu bila kujibu. Ramani ile aliinunua ikiwa tayari, imechorwa kwa ajili ya familia isiyo na mama mzee. Haikuwa na meza ya mtoto kusomea mbali na televisheni. Chumba cha mfanyakazi wa nyumbani kilikuwa kijumba nyuma ya jengo, chenye dirisha la kutosha paka kupita. Lakini chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa sebule, ambayo hufunguliwa wageni wanapokuja.

Yamkini msomaji atasema kwamba naitukuza kale isiyostahili kutukuzwa. Pingamizi hilo lina uzito. Nyumba za Lamu zilijengwa katika jamii iliyomiliki watumwa na kuwatawisha wanawake wa kiungwana, na mpangilio wake ulidumisha mambo hayo mawili. Sitaki yarudi. Lakini hoja yangu inapata nguvu papo hapo: maadamu kuta zinaweza kudumisha dhuluma, zinaweza kudumisha heshima pia. Anayejenga leo anaamua, ajue asijue, nani atathaminiwa kwake kwa miaka 40 ijayo.

Kwa hiyo nashauri kwamba, kabla ya kuhesabu vyumba, tuorodheshe watu. Nani anaishi hapa? Nani atazeeka hapa? Nani huja kulala bila taarifa, kama ilivyo desturi yetu? Mtoto atasomea wapi? Anayetupikia atapumzika wapi? Nyumba inayojibu maswali hayo itakuwa na angalau chumba kimoja cha kulala chini, chenye choo karibu na mlango mpana. Itakuwa na baraza ya kumpokea jirani bila kuivuruga familia, na pembe tulivu yenye mwanga kwa ajili ya vitabu. Mengi ya hayo hayaongezi gharama yakifikiriwa mapema. Gharama huja wakati wa kuvunja ukuta.

Walimu wa Kiswahili nao wana fursa hapa. Msamiati wa nyumba hufundishwa kwa kukariri: sebule, maliwato, jikoni, stoo. Mwanafunzi na aende kwao awaulize wazee sehemu za nyumba ziliitwaje katika lugha yao, na kila moja ilikuwa ya nani. Kisha achore nyumba ya jamaa yake na kuandika jina la mtu katika kila chumba. Atajifunza msamiati, na siku atakapokuwa na fedha za kujenga atajua pa kuanzia.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukishafungua, tazama kama nyanya wa mji huo ana mahali pa kulala.