Kanuni za Bandari na Haki ya Mbeba Shehena

Bandari isiyo na kanuni ni hatari kuliko bahari yenyewe. Meli haisimami ghafla kama gari. Moto wa chombo kimoja waweza kuteketeza gati zima. Na maradhi yaliyopakiwa pamoja na shehena yaweza kuuangamiza mji. Kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba bandari iachiwe kila nahodha afanye apendavyo. Hata hivyo, kanuni haipimwi kwa ukali wake tu. Hupimwa pia kwa kumtazama mtu inayemlinda na mtu iliyemsahau. Katika jambo hili, historia ya bandari ya Mombasa wakati wa ukoloni ina somo ambalo wakuu wa bandari zetu za leo hawana budi kulisoma upya.

Mombasa ina milango miwili ya bahari. Mashariki ya kisiwa ipo Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Huko ndiko majahazi yalikokuja na pepo za kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, yakasubiri kusi ili yarejee na boriti za mikoko. Magharibi ipo Kilindini, yenye maji ya kina. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 na kuanza kujenga reli mwaka uliofuata, Kilindini ndiyo iliyopewa macho, fedha na mitambo. Kwa miaka mingi shehena ilishushwa kwa matishari kutoka kwa meli zilizotia nanga katikati ya maji. Mwaka 1926 magati ya kwanza ya maji marefu yakafunguliwa. Tangu hapo meli za moshi zikawa na bandari yao ya kisasa, nayo majahazi yakabaki na yao ya zamani.

Kanuni zilizoongoza shughuli hizo zilikuwa nyingi na za makini, kama ilivyokuwa desturi katika bandari zote za dola ya Kiingereza. Mkuu wa bandari ndiye aliyeamua chombo kitie nanga wapi na kiondoke lini. Rubani aliyeujua mlango wa bahari ndiye aliyeingiza meli kubwa. Chombo kilichotoka ng'ambo kilipandisha bendera ya manjano, na hakuna aliyeshuka mpaka daktari aridhike. Chombo chenye baruti kilipandisha bendera nyekundu na kukaa mbali na wenzake. Kutupa farumi ya mawe au majivu ya makaa ndani ya bandari lilikuwa kosa, na kulala bila taa usiku lilikuwa kosa pia.

Hatusemi kwamba kanuni hizo zilikuwa mbaya. La hasha! Nyingi zilikuwa za busara, na nyingine zinafuatwa hadi leo kwa sababu mwamba haubagui meli ya mkoloni na meli ya taifa huru. Ubaya haukuwa katika yale yaliyoandikwa juu ya nanga, taa na bendera. Ubaya ulikuwa katika yale yasiyoandikwa juu ya binadamu aliyeibeba shehena mgongoni.

Mtu huyo alikuwa kibarua. Alifika alfajiri, akasimama pamoja na mamia ya wenzake, akangoja kunyooshewa kidole na serahangi. Akichaguliwa, alishinda ndani ya tumbo la meli akipakua magunia na vyuma. Asipochaguliwa, alirudi nyumbani mikono mitupu. Jioni alilipwa ujira wa siku hiyo, na hapo uhusiano wake na bandari ulikwisha. Shehena ilikuwa na hati, nambari na bima. Yeye hakuwa na uhakika wa kesho yake. Gunia likipasuka, aliyeulizwa alikuwa yeye. Mgongo wake ukivunjika, hapakuwa na wa kuulizwa.

Yako mambo ambayo sheria ilimkumbuka mwananchi, nayo yalikuwa ya kumbana. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 iliifanya hatua ya mtumishi kuacha kazi aliyoandikiwa mkataba kuwa jinai, wala si daawa ya kawaida baina ya watu wawili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaja mtindo wa kipande, ambao ulimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 kutembea na cheti chenye alama za vidole vyake. Kibarua wa bandarini alijivunia jambo moja tu, kwamba leo aweza kwenda kazini na kesho akakaa. Uhuru huo mdogo wakubwa waliuita uvivu, na katika miaka ya Vita Kuu ya Pili wakaanza kuwaandikisha vibarua ili wawadhibiti vizuri zaidi.

Palipokosekana kanuni ya kumsikiliza mfanyakazi, mfanyakazi alitafuta njia nyingine ya kusikika. Mwaka 1939 kazi ziligomewa Mombasa, na tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka huohuo ikakuta makazi yasiyofaa na maisha ya dhiki. Maneno ya tume yakabaki karatasini. Ndipo Januari 13, 1947, mji mzima uliposimama. Watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na hata watumishi wa majumbani, waliweka zana chini kwa karibu wiki 2. Walikutana kila siku katika uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Serikali ikalazimika kuunda baraza la usuluhishi, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Lakini Agosti ya mwaka huohuo, Chege Kibachia, kiongozi wa chama cha wafanyakazi hao, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo.

Wala haikuwa Mombasa peke yake. Dar es Salaam makuli waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ukafuata njia ya reli hadi bara. Unguja ikafuata mwaka 1948. Bandari tatu za mwambao mmoja zilitoa kilio kimoja, na mtawala aliyekuwa hodari wa kusoma bendera ya kila chombo hakuweza kuusoma uso wa mtu aliyekuwa mbele yake.

Tunayakumbusha haya kwa sababu bandari zetu zimo katika mageuzi makubwa. Lamu ilipokea meli yake ya kwanza katika gati jipya mwaka 2021. Dar es Salaam, sehemu ya bandari ilikabidhiwa kampuni ya kigeni kwa mkataba wa miaka 30 uliotiwa saini Oktoba 2023, baada ya mjadala mkali miongoni mwa wananchi. Mombasa yenyewe iliona jinsi amri moja ilivyoweza kuutikisa mji: mizigo ilipolazimishwa kupanda reli mpya na kwenda kukaguliwa Nairobi, wenye malori, mawakala wa forodha na vibarua walilia njaa, wakaandamana, mpaka amri hiyo ilipoondolewa Septemba 2022. Waliotoa amri walihesabu makasha na treni. Je, waliwahesabu watu?

Wapo watakaosema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwamba bandari haiendeshwi kwa baraza la makuli. Nasi twakubali kwamba nahodha ni mmoja. Lakini nahodha asiyemsikiliza baharia aliye juu ya mlingoti hataliona jabali mpaka ameligonga. Gharama ya migomo ya 1939 na 1947 ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kuwasikiliza watu mapema.

Dunia nayo haikukaa kimya. Makasha na mitambo mipya ilipoanza kuchukua nafasi ya migongo ya watu, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1973 mkataba uliotaka wafanyakazi wa bandarini wahakikishiwe ajira ya kudumu au kipato cha chini kadiri iwezekanavyo, na mwaka 1979 ukafuata mkataba wa usalama na afya yao. Mwongozo upo. Kinachotakiwa ni kuutekeleza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kanuni ya bandari iandikwe kwa Kiswahili safi na kubandikwa langoni. Sheria za mkoloni zilitangazwa kwa Kiingereza kwa watu wasiokijua, nasi hatuna udhuru wa kufanya hivyo. Pili, kila kibarua, hata wa siku moja, aandikwe jina lake pamoja na ajali yake ikimpata, ili fidia isitegemee huruma ya mnyapara. Tatu, kabla ya mkataba au amri yoyote inayobadili njia ya mizigo, wawakilishi wa wafanyakazi, mabaharia wa majahazi wakiwamo, waitwe mezani na wasikilizwe.

Tulipopata uhuru tulirithi minara, magati na vitabu vya kanuni. Minara tumeitunza, na magati tumeyaongeza. Vitabu vya kanuni navyo tuviongezee ukurasa ambao mkoloni alikataa kuuandika, ukurasa wa haki za mtu anayepakua meli.